Anayejua Kusimamisha Wimbo

Malalamiko yalianza kabla nusu saa haijaisha.

"Mbona anasimamisha kila saa?" kijana wa benchi la mbele aliuliza. Aliyekaa nyuma yake akamjibu kwamba diski imekwaruzika. Haikuwa imekwaruzika. Kwenye skrini Michael Jackson alikuwa ameukata wimbo katikati, bendi imenyamaza, naye anamweleza kiongozi wa bendi, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba mahali pale wamepita mbio mno.

Tulikuwa Kayole, katika kibanda cha mabati kinachoonyesha mpira wa Uingereza Jumamosi na sinema siku nyingine. Ilikuwa miezi ya mwisho ya 2009, mwaka wa mgao wa umeme. Mvua zilikuwa zimekosekana hadi bwawa la Masinga likashindwa kuzungusha mitambo, na mitaa ya Eastlands ikazoea kukaa gizani kwa zamu. Mwenye kibanda alikuwa na jenereta, na kwa kuwa petroli hapewi bure, alikuwa amepandisha kiingilio. Kwa pesa hizo watu walitaka kumwona Michael akicheza. Hawakuja kumwona akiongea, tena Kiingereza cha kunong'ona, bila DJ Afro wa kuwasimulia na kuwachekesha kama walivyozoea kwenye filamu za mateke.

"Hii si shoo," mwenye kibanda alitangaza kutoka mlangoni. "Ni mazoezi. Si mlisikia jamaa alikufa? Angefanya shoo saa ngapi?"

"Basi turudishie doo. Mazoezi hata sisi tunafanya, na hakuna anayetulipa."

Kibanda kizima kilicheka, nami pia. Aliyesema hivyo alikuwa mmoja wa vijana wangu. Nilikuwa nimekuja na kikundi cha dansi ninachokishonea nguo na kukifunza, na kwa heshima ya umri wangu walikuwa wamenitafutia kiti cha plastiki, cha pekee mle ndani. Hakuna aliyerudishiwa pesa. Wachache walitoka, tuliobaki tukaona hadi mwisho, jenereta ikinguruma nje chini ya kila wimbo.

Sinema hiyo inaitwa This Is It. Kenny Ortega, aliyekuwa akiongoza maandalizi ya jukwaani pamoja na Michael, aliiunga kutokana na zaidi ya saa 100 za picha zilizochukuliwa wakati wa mazoezi huko Los Angeles, kati ya Aprili na Juni 2009. Shoo zenyewe zilikuwa zianze Julai katika ukumbi wa O2, London. Michael alifariki tarehe 25 Juni, akiwa na miaka 50. Kwao ilikuwa alasiri. Kwetu saa sita ya usiku ilikuwa imeshapita, kwa hiyo Nairobi iliamka Ijumaa ikakuta habari imetangulia kufika stejini. Matatu niliyopanda ilipiga Billie Jean kuanzia Kayole hadi Muthurwa, na kondakta, mtoto aliyezaliwa baada ya wimbo huo kutoka, alijua kila neno. Miezi minne baadaye, tarehe 28 Oktoba, sinema ikatolewa dunia nzima.

Ile yetu ilikuwa imerekodiwa kwa siri ndani ya ukumbi wa sinema, sijui wa nchi gani. Kichwa cha mtu kilinyanyuka mbele ya Michael, kikaenda zake, baadaye kikarudi kuketi. Nilikuja kuiona tena kwa kopi safi, na mengi ninayosimulia hapa niliyanasa mara hiyo.

Kisa changu na Michael kilianzia sakafuni. Nililelewa Jericho, na nyumba yetu ilikuwa na sakafu ya saruji ambayo mama aliipaka rangi nyekundu kila Jumamosi, kisha akaisugua kwa kipande cha blanketi hadi ukaweza kuona meno yako. Kaka yangu alikuwa akingoja mama atoke, avae soksi nyeupe, aanze kuteleza kinyumenyume kutoka mlangoni hadi ukutani. Alikuwa ameiona stepu hiyo kwenye kanda ya video iliyozunguka mtaani nyumba kwa nyumba, ile sherehe ya 1983 ya miaka 25 ya kampuni ya Motown. Sote tuliamini kwamba Michael aliiota usiku, akaamka akaicheza. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba wachezaji wengine walikuwa wameicheza miaka mingi kabla yake, na kwamba yeye alionyeshwa na vijana wa dansi za mitaani, akaenda akaifanyia kazi hadi ikawa yake.

Mtaa ulimvaa mtu huyo. Vijana walitia nywele dawa ya mawimbi, ile tuliyoiita kalikiti, hadi kola za mashati zikang'aa mafuta. Suruali zilipandishwa ili soksi zionekane. Kaka alinunua jaketi jekundu Gikomba, la kike nadhani, akanipa nilitie zipu kila mahali palipokuwa na nafasi. Sikuwa na cherehani. Nilitumia sindano ya mkono na zipu nilizofumua kwenye suruali kuukuu za baba. Hiyo ndiyo nguo yangu ya kwanza ya jukwaani, na ndiyo ufundi unaonilisha hadi leo.

Mwaka 1987 ikaja albamu ya Bad, na ndani yake wimbo wa msichana wa Liberia unaoanza kwa maneno ya Kiswahili yaliyosemwa na Letta Mbulu wa Afrika Kusini. Tuliujadili kuanzia bombani hadi shuleni. Liberia hawasemi Kiswahili, na sarufi yenyewe ingerudishwa na mwalimu yeyote wa darasa la tatu, lakini Michael alikuwa amekuja mlangoni kwetu, nani angemsahihisha? Februari 1992 alipofika Dar es Salaam na kupokewa na Rais Ali Hassan Mwinyi, sisi wa Nairobi tuliona wivu bila kuficha.

Wakati huo nilikuwa nimeshajiunga na kikundi cha dansi. Eastlands ina kumbi za jamii zilizojengwa pamoja na mitaa yake, nyingine tangu enzi za mkoloni. Ule wa Kaloleni miaka ya 1950 ulikuwa uwanja wa siasa za uhuru. Miaka yetu kumbi hizo zilibeba kila kitu: ndondi, sarakasi, ibada, mikutano ya matanga, harusi. Sisi tulipata saa ambazo hakuna aliyezitaka, katika ukumbi ambao sitautaja, kwa sababu keateka wake alikuwa na tabia zake na huenda bado ana jamaa.

Aliyetufunza alikuwa fundi wa reli, mkazi wa Makongeni, na tulimwita Mwalimu tu. Alikuwa na redio ya kaseti yenye spika moja nzima. Wiki za kwanza hakuiwasha kabisa. Tulicheza kwa makofi yake, stepu moja tangu jioni hadi kiza, na mtu akiomba muziki aliambiwa kwamba muziki ni wa wale wanaojua waendako. Alipoanza kuiwasha, tukajua adhabu mpya. Ukikosea, Mwalimu hakubonyeza kitufe. Alichomoa waya ukutani. Ngoma ilikufa ghafla na sote tukaganda, kila mtu akiomba asiwe yeye. Kisha lilikuja neno. "Wewe, hiyo miguu umekodisha?" Au: "Mama yako anajua uko hapa? Mwambie akuweke jikoni." Alikuwa na ulimi mkali wenye ucheshi ndani yake, na hilo ndilo lililouma zaidi, kwa sababu wenzako walicheka.

Tulikuwa wazuri. Hilo sitamnyima. Tulishinda mashindano ya kumbi, tukaenda mjini kwenye zile jamu za Jumapili mchana, tukarudi na kreti za soda. Lakini aliyekuwa bora kuliko sote, msichana wa Maringo ambaye mwili wake ulisikia mdundo kabla haujapigwa, aliondoka jioni moja baada ya waya kuchomolewa kwa ajili yake mara nyingi mno. Alichukua viatu vyake, akatembea hadi mlangoni bila kuvivaa. Mwalimu akachomeka waya, akasema tuanze tena.

Basi nikiwa Kayole kwenye kiti changu cha plastiki, vijana wakilalamika kwamba mtu huyu hamalizi wimbo, mimi nilikuwa naangalia waya. Namna anavyosimamisha.

Kuna wimbo wa The Way You Make Me Feel. Michael anataka uanze polepole zaidi, ujiburute, kama mtu anayejitoa kitandani. Michael Bearden, kiongozi wa bendi, anaupiga, bado. Anaupiga tena, bado. Kuna mahali pa kunyamaza kabla mambo hayajalipuka, na bendi inapanda juu ya kimya hicho haraka mno. Michael anatumia lugha ya jikoni: waiache ichemke taratibu kwa moto mdogo. Bearden, mtu mzima anayeijua kazi yake, anacheka, anakubali, wanarudia. Hakuna aliyetukanwa. Lakini pia hakuna aliyeachiliwa. Hilo vijana hawakuliona mara ya kwanza, na ilinibidi niwaonyeshe kwa kidole: hajasema "ni sawa". Anasema si sawa, anasema tena si sawa, kwa sauti ileile, hadi inakuwa.

Penye nyimbo za utotoni, za Jackson 5, anasimama kwa sababu ya vile vidude vya masikioni wanavyovaa waimbaji siku hizi ili wajisikie. Sauti imezidi, anasema ni kama mtu anamsukumia ngumi sikioni. Amezoea tangu udogo kusikia kwa masikio yake matupu, anajitahidi kuzoea hivi vipya, na analisema hilo kwa upendo. Anataja upendo kwa neno lake. Ortega anamuuliza kutoka chini, kwa unyenyekevu unaokaribia kuchekesha, wapunguze nini. Mahali pengine anawatuliza wote kwamba mazoezi yapo kwa ajili hiyohiyo, ya kukosea na kurekebisha.

Halafu Orianthi, mpiga gita kijana kutoka Australia. Mwisho wa Black or White ni wake. Anapiga vizuri, lakini kwa adabu, kama mgeni anayeogopa kuchukua kipande cha mwisho cha nyama. Michael anamwimbia noti anayoitaka, ile ya juu kabisa, anamwambia aishike, hapo ni pake pa kung'aa. Anasimamisha wimbo ili mwingine aonekane zaidi. Katika miaka yangu yote ya waya kuchomolewa sikuwahi kuona wimbo ukisimamishwa kwa sababu hiyo.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo: Michael mpole, Mwalimu mkali, chagua mmoja. Nimelifikiria sana jambo hili nikikata vitambaa, na sioni haki ndani yake. Upole wa namna ile una gharama. Los Angeles walikuwa na ukumbi mzima kutwa kucha, mafundi wa kila kitu, na kila mtu aliyekuwemo alikuwa ametamani maisha yake yote kusimama karibu na mtu huyo. Sinema inaanza na wachezaji wakilia machozi kwa sababu wamechaguliwa. Mfalme akinong'ona, watu huinama wasikie. Mwalimu alikuwa na saa moja na nusu, keateka akitikisa funguo, na watoto waliokuja bila chakula cha mchana. Angenong'ona nani angemsikia? Ninachomlaumu si sauti. Ni kwamba aliposimamisha wimbo, alimsimamisha mtu. Michael alisimamisha kosa, mtu akabaki na heshima yake, na kosa likawa la chumba kizima kulitatua.

Kuna jambo la pili, na hili linawahusu zaidi waimbaji. Sehemu kubwa ya sinema Michael haimbi kwa nguvu zote. Anapitisha maneno kwa nusu sauti, anapunguza mikono, anatembea mahali atakapokuja kuruka. Katika I Just Can't Stop Loving You anaimba na Judith Hill, anaanza kwa kujibana, halafu wimbo unamshinda, anaachia. Wachezaji chini ya jukwaa wanapiga kelele. Hapo ndipo kibanda chetu nacho kiliposimama, hata wale waliotaka doo zao. Na mara tu wimbo unapokwisha, yeye mwenyewe analalamika: wasimfanye aimbe hivyo, lazima atunze koo lake.

Kwetu mtu anayejibana mazoezini huitwa mvivu. Mwalimu angechomoa waya. Lakini ukimtazama Michael miguuni, unaona kwamba ufupi wa stepu haukuwa uzembe. Mguu unaotakiwa kwenda hatua mbili ulikwenda nusu hatua, lakini ulikwenda upande wake, kwa wakati wake, uzito ukiwa umeshahama kabla. Mvivu huchelewa, anayetunza nguvu hachelewi. Nilianza kuwaambia vijana wangu: chezeni kidogo, lakini chezeni yote. Wengine walielewa siku hiyohiyo. Mmoja alichukua ruhusa hiyo akalala kwenye benchi kwa muda wa wiki kadhaa, na sina dawa ya huyo.

Kama fundi wa nguo niliona pia kitu ambacho watengenezaji hawakukificha. Ndani ya wimbo mmoja jaketi linabadilika. Anaanza mstari na mabega makali yanayochongoka, anaumalizia na koti jingine. Siku mbalimbali zimeshonwa pamoja, na mshono uko wazi kwa anayetaka kuuona. Sinema hii ni siku nzuri zilizochaguliwa.

Siku mbaya zilikuwepo. Mwaka 2011, katika kesi ya daktari wake Conrad Murray, Ortega huyohuyo alieleza mahakama kwamba tarehe 19 Juni, chini ya wiki moja kabla ya kifo, Michael alifika mazoezini akitetemeka kwa baridi, hajiwezi, wakamfunika blanketi na hatimaye akarudishwa nyumbani. Murray alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, kwa dawa ya usingizi ya hospitalini aliyokuwa akimpa ili alale. Kwenye sinema hakuna blanketi. Wapo mashabiki waliogomea kuitazama kwa sababu hiyo, wakisema inaficha jinsi mtu alivyokuwa anakwisha mbele ya kamera. Mashtaka ya kudhulumu watoto, ambayo mahakama ilimwondolea mwaka 2005 na ambayo yamerudi kuzungumzwa baada ya kifo chake, nayo hayamo. Wazazi wa watoto ninaowafunza wameniuliza kuhusu hayo, na huwa nawajibu kwamba sinema hii haiwezi kuwasaidia. Inaonyesha kazi, haitoi ushahidi wa maisha.

Linalonikaa kooni ni hesabu nyingine. Machi 2009 zilitangazwa shoo 10. Tiketi zikagombaniwa, shoo zikaongezwa hadi 50. Mtu wa miaka 50, ambaye hakuwa amefanya ziara kubwa ya muziki kwa zaidi ya miaka kumi, akabebeshwa shoo hamsini. Huyu ndiye mtu aliyeweza kuinua kiganja na bendi nzima ikanyamaza kwa ajili ya kimya cha nusu pumzi. Alisikia kosa ambalo hakuna mwingine aliyelisikia. Lakini ile ngoma kubwa iliyokuwa ikienda chini ya nyimbo zote, ya mikataba na tarehe na madeni, hakuna aliyeinua kiganja kuisimamisha, naye hakuinua.

Na tunajua haya yote kwa sababu amekufa. Angekuwa hai, mtu aliyerudia kimya kimoja mara tatu hangeturuhusu tumwone akiwa na nusu sauti. Saa zile mia na zaidi zingebaki kabatini, na sisi tungepewa DVD ya London yenye moshi na taa. Mimi nimejifunza mengi kwenye mazoezi hayo kuliko kwenye video zake zote zilizokamilika, na sikulazimika kuomba ruhusa kwa mwenyewe. Nimeamua kuishi na utata huo badala ya kujifanya haupo. Vijana wangu wanaporekodi mazoezi kwa simu, mtu yeyote anaweza kusema picha yake ifutwe, na inafutwa hapohapo, hata kama ndiyo picha nzuri kuliko zote.

Wakati mwingine huwawaza wasanii wetu. Issah Mmari, tuliyemwita E-Sir, alikufa barabarani tarehe 16 Machi 2003 akirudi kutoka kwenye shoo Nakuru, na umri wake ulikuwa miaka 21. Alikuwa wa South C, upande wa pili wa mji, lakini matatu za Jogoo Road hazikujua mipaka hiyo; sauti yake ilikuwa kwenye kila spika. Na mimi namjua akiwa amekamilika tu, kila neno limeketi mahali pake. Vivyo hivyo Kalamashaka wa Dandora, na wale wote waliopita studio ya Calif, mtaa wa California. Walibishana nini kabla ya kurekodi? Nani aliinua mkono akasema mstari huo bado? Ningelipa kiingilio cha kibanda, na petroli juu, kuyaona mazoezi hayo yakisimama na kuanza.

Kikundi changu sasa kina kanuni moja: yeyote anaweza kusimamisha wimbo kwa kuinua kiganja, hata mdogo kuliko wote, na hatoi sababu kwanza. Muziki unazimwa taratibu, kwa kitufe. Inachosha. Mwanzoni waliinua viganja kwa mchezo, kumkomoa mwenzao, hadi saa ya ukumbi ikaisha hatujamaliza dakika mbili za kazi, na kikundi cha sarakasi kikatutoa nje. Kisha wakazoea. Binti mmoja aliinua kiganja kwa sababu mwenzake upande wa kushoto alikuwa anachechemea na anaficha. Mwingine aliinua akasema tu, "Hapa tunadanganya." Tulitazama, kweli tulikuwa tunadanganya: stepu ngumu tulikuwa tumeifunika kwa kupunga mikono.

Ila kanuni hiyo inaishia mlangoni pa ukumbi. Desemba moja tulikuwa na harusi mchana Donholm na sherehe ya kampuni jioni Buruburu. Tukiwa bado tunakunja nguo, simu ikapigwa: shoo ya tatu, Kitengela, saa sita usiku, malipo mazuri. Niliinua kiganja. Niliwatazama machoni, walikuwa wamechoka hadi wanacheka bila sababu, na barabara ni ile ya Mombasa yenye malori. Nikasema hapana, tumesimama hapa.

"Auntie, ukumbini wewe ni bosi," kiongozi wao aliniambia, na hakusema kwa dharau. "Lakini kodi ya nyumba haisimami."

Walipiga kura pale pale kando ya gari, wakanishinda vibaya. Walikwenda, mimi nikapanda bodaboda kurudi nyumbani na mifuko ya nguo, na sikulala. Walirudi alfajiri, wazima wote, wakagonga mlango wangu wakiwa na mkate, maziwa na bahasha yenye fungu langu. Nilikataa kuipokea. Kiongozi akaiweka chini ya cherehani, akaniuliza kama kuna chai. Wakanywa, wakalala sakafuni kwangu hadi saa saba mchana, na Jumatatu nilichukua bahasha ile nikaenda kulipia ukumbi wa Januari.